Kivuko Hakikumbuki Jana

Daftari la wachelewaji lina jalada la kijani.
Ndani yake, wiki moja ya Juni, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
Mwinyikai, Jumanne. Mwinyikai, Jumatano. Mwinyikai, Alhamisi.
Pembeni, kwa wino mwekundu: mzembe.

"Ni kivuko, mwalimu."
"Kivuko kila siku?" nikamjibu, darasa likacheka,
nami, Mungu anisamehe, nikakifurahia kile kicheko.

Usiku swali likanirudi, likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Kivuko kila siku?
Nani alihesabu?

Asubuhi nikaja na dadu.
Bi Esha, mkuu wetu, akazitazama kama aonaye nge kiganjani:
"Hizo ni za kamari. Wazazi watasemaje?"
Nikazirudisha mfukoni,
tukaenda kuokota vizibo vya soda nyuma ya kibanda cha viazi karai.
Vitatu kila mkebe. Zulekha akatoa kichupa cha rangi ya kucha
(nikajifanya sikukiona)
akapaka kimoja kimoja, chekundu, ulimi nje kwa makini.

"Mnaovuka kutoka Likoni, hukwama asubuhi ngapi?"
Mikono sita. Mmoja akasema nusu.
Mwingine akasema hakuna kukwama, kuna usingizi.
Wakabishana hadi wakakubaliana: moja kwa tatu.
Basi chekundu ni kukwama, kitupu ni kufika,
na kuchota mara tano ni wiki ya shule.
Chota. Andika. Rudisha. Tikisa.

"Na tusiporudisha?" akauliza Mwanaidi.
"Kesho itayajua ya leo.
Kivuko hakikumbuki jana, Mwanaidi.
Hakisemi: huyu nilimkwamisha Jumanne, leo nimwonee haya."

Mikebe ishirini ikalia kwa pamoja.
Darasa la jirani likafunga madirisha.

Dzombo akamaliza kabla ya wote.
Chekundu, kitupu, kitupu, chekundu, kitupu, kitupu,
karatasi nzima, kama vigae vya sakafu.
"Hukuchota."
"Umejuaje?"
"Bahati haina adabu hiyo. Hukaa siku nane haiji,
kisha yaja na ndugu zake wote, bila hodi. Rudi kwenye mkebe."
Rukia naye alipata vyekundu vinne mfululizo,
akadhani mkebe wake mbovu, akataka mwingine.
"Usibadilishe. Andika."

Tukajumlisha ubaoni: wiki mia mbili za chaki,
miaka kama mitano ya shule ndani ya kipindi kimoja.
Zenye kukwama mara tatu au zaidi: arobaini na tatu.
Kama moja katika kila tano.
Mtoto aliyeamka alfajiri, akakimbia mteremko wote,
akasimama getini akiyatazama maji na saa,
wiki moja katika tano ningemwandika mzembe
na mkono wangu usitetemeke.

Nikalifungua daftari la kijani mbele yao.
Mwinyikai akanyoosha mkono.
"Mwalimu. Jumanne na Jumatano, kivuko.
Alhamisi nililala."

Darasa likaanguka kwa kicheko, na safari hii naye akacheka.
Nikalikata lile neno. Alhamisi nikaiacha.
Vizibo vyajua wiki mia mbili;
ile moja haviijui.

Mkebe mmoja umebaki mezani pangu.
Jumatatu, saa moja na nusu, kiti chake kitupu.
Nikautikisa, nikachota bila kutazama.
Kitupu.
Najua haikuwa na maana yoyote.
Daftari nikaliacha kwenye droo,
na mlango wazi.